Nilivyomsaka Sundus

Sikwenda Nairobi kutazama mpira. Mpira siujui, na hao Wamoroko na Wazambia waliokuja na ngoma zao siku zile za mashindano ya CHAN hawakunihusu hata chembe. Nilikwenda kumsaka Sundus, binti wa Maalim Dawud, na nilikuwa nimeapa kwamba nikimtia machoni tutakula naye sahani moja.

Nyumbani nilisema naenda kupimwa macho. Mama akaniombea dua, na mdogo wangu Razan akanikunjia nguo bila ya kuniuliza lolote. Tangu harusi yake ivunjike Razan amekuwa mtu wa kukunja nguo na kunyamaza, na kila nikimwona hivyo damu yanichemka.

Labda nyinyi hamjui mambo yetu. Kwetu Amu, mnapoita Lamu, siku ya hina ya bibi harusi wanaume hawakaribii na simu haziingii. Ukifika mlangoni wavua viatu, wavua buibui, watia simu yako kikapuni. Hapo ndipo wanawake hufungua nywele wakacheza. Kikapu cha hina ya Razan nilikishika mimi, Mardhiya, dada yake mkubwa. Sundus, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alitia simu moja huku akinichekea. Ya pili alikuwa nayo kifuani, mshenzi yule! Asubuhi yake Razan, nywele wazi, kiuno kimefungwa leso, alikuwa akionekana akicheza kwenye video ndani ya simu ya mama yake Yassir, mchumba wake. Haikuadhiniwa adhuhuri wameshatuma mtu: hatuoi tena.

Picha zilichukuliwa kutoka pembe ya kitanda, na pembeni mwa kitanda alikaa Sundus peke yake. Nilimkabili. Hakukana, hakukubali, aliinama tu. Nikaenda kwa babake. Maalim Dawud akaniambia mbele ya watu, "Binti yangu nimemlea kwa Qur'ani. Atakayemtaja alete ushahidi." Nikatoka pale nimesawijika, na watu wakanong'ona kwamba mshika kikapu ndiye mwenye kosa. Sundus akavuka Manda, akapanda ndege, akarudi zake Nairobi kusomea uuguzi.

Ushahidi? Sawa, nikasema, nitakuletea. Mtaa mzima wajua sharti la Maalim: siku atakayosikia Sundus kavua buibui mbele ya wanaume, masomo yamekwisha, anarudi Amu na kuozwa mtu ambaye babake atamchagua. Nilitaka arudi hivyo hasa. Nilitaka aonje alichomwonjesha mdogo wangu, hadharani, na asipate pa kuuficha uso wake.

Nikafikia Eastleigh kwa shangazi Barka. Baridi ya Agosti ikanikamata mara moja, sauti ikakauka nikawa nakoroma kama mzee wa tumbaku. Sikujali. Kila siku nilivaa buibui langu na ninja iliyoniacha macho tu, nikashuka mjini kwa miguu kumtafuta.

Salaala, mji ule ulikuwa umeingiwa na wazimu! Wauza viatu wa barabara ya Tom Mboya wote wamegeuka wauza jezi. Watu wazima, wenye wajukuu, wamevaa kofia za pembe na kupuliza mavuvuzela kwenye masikio ya wapita njia. Kijana mmoja mwenye kopo la rangi alinizuia. "Mathe, nikupake bendera?"

"Unipake wapi, mwanangu? Juu ya ninja?"

"Hata mkononi, mathe! Leo sisi wote ni Harambee Stars!"

Nikamwambia aondoke mbele yangu kabla sijampaka yeye. Akacheka, akanipigia saluti. Wote walikuwa wakicheka, ndilo lililoniudhi zaidi. Nilizunguka kutoka Moi Avenue hadi Uhuru Park nikichungulia kila msichana mwembamba. Karibu na kituo cha treni nilimkamata mmoja begani, nikamgeuza kwa nguvu, kumbe Mzambia wa watu. Alidhani nataka kupiga naye picha. Akanikumbatia, rafiki yake akatupiga picha, na mimi nikasimama pale kama gogo.

Aliyenielekeza ni Aaliya, jirani yetu anayesoma huko huko. Alinitumia ujumbe kwamba Sundus ni mmoja wa vijana wa kujitolea, wale wa fulana za manjano wanaoongoza mashabiki, na kwamba kazi yake iko kwenye uwanja wa wazi uliowekwa skrini kubwa. Alhamdulillah, nikasema. Nikaenda siku Kenya ikicheza.

Nikamwona. Kichwa wazi, nywele zimesukwa mistari, suruali imembana, bendera mashavuni. Alikuwa akipiga filimbi na kuwapanga watu kama askari. Hasira ilinipanda mpaka nikaona giza. Razan amejifungia ndani tangu mwezi wa sita, na huyu hapa anapulizia watu filimbi! Nikatoa simu, nikaificha ndani ya mkono wa buibui, nikarekodi. Mara Kenya ikafunga bao. Uwanja mzima ukaruka, na kijana mmoja wa fulana ya manjano akamnyanyua Sundus juu juu, naye akinyoosha mikono na kucheka kwa mdomo wote. Nilipata kila kitu. Hata ningelipanga mwenyewe nisingelipata vizuri hivyo.

Nambari ya Maalim Dawud kila mtu Amu anayo, ya kumuulizia mambo ya saumu na mirathi. Nikatuma. Chini yake nikaandika: *Maalim, ushahidi uliotaka ni huu.* Nikahisi raha, wallahi, raha ya mtu aliyetua mzigo. Atakiona cha mtema kuni, nikajisemea.

Sikupata muda wa kuifaidi. Watu wakasukumana kuelekea kwenye skrini, nikabanwa, kiatu kimoja kikanitoka, pumzi zikanikatika ndani ya ninja. Nikapiga kelele bila kujua nasema nini: "Nionyeshani ndia! Ndia ya kutoka!"

Mkono ukanishika. "Ndia?" sauti ikasema. "Mamangu, wewe ni wa Amu!"

Alikuwa ni yeye. Aliwasukuma watu kwa kiwiko, akanitoa, akanikalisha kwenye ukingo wa barabara, akanipa maji yake. Mato yangu tu ndiyo yaliyoonekana, na sauti yangu iliyokauka hakuitambua. Alinishika mkono kwa mikono miwili kama aliyempata mtu wa kwao.

"Huku wote husema njia, sijasikia mtu akisema ndia tangu nitoke nyumbani," akasema. "Sema tena, mamangu."

"Mbona hurudi kwenu?" nikamuuliza. Nilitaka kumsikia akidanganya.

Akatazama chini. "Nimebeba lawama huko. Rafiki yangu alikuwa anaozwa mtu asiyemtaka. Akanipigia magoti akasema: nirekodi mimi siku ya hina, unipe picha, nizitume mwenyewe kwa wakwe ili waniache. Nikamwambia utaaibika. Akasema aibu itaisha, lakini ndoa haiishi. Akaniapisha nisimtaje, na hata wewe sikutajii jina."

Nikauliza, "Huyo mwanamume alikuwa na kasoro gani?"

"Hana kasoro. Hamtaki tu. Kwani lazima awe na kasoro?"

"Si angewaambia wazazi wake? Si ana... hana dada?"

"Anaye." Akacheka kidogo, bila ubaya. "Babake alikuwa radhi kumsikiliza, mama. Huyo dada ndiye aliyekuwa akimwogopa. Alinambia, Dada akishakasirika hasikii mtu, atanishika kwa nguvu aniketishe kwenye kiti cha harusi."

Nilitaka kumwambia kwamba ni uongo. Nikamkumbuka Razan akinikunjia nguo za safari, na jinsi alivyokwepa kunitazama. Hakuwa na huzuni, mdogo wangu. Alikuwa ananiogopa mimi.

Nikaitoa simu mkononi mwa buibui. Nikakosea kufungua, nikakosea tena. Alama mbili chini ya zile picha zilikuwa zimeshakuwa za buluu, Maalim ameshazitazama. Nikazifuta picha hivyo hivyo, kama mjinga, na wakati nafuta simu ya Sundus ikalia kiunoni mwake.

Akaitazama, uso ukamng'aa chini ya ile rangi. "Baba! Huyu hapigi simu mchana, ana darasa. Labda wametuonyesha kwenye televisheni, ameniona..." Kisha akashtuka, akajishika kichwa wazi, akacheka mwenyewe. "Ai, asije akawa ameniona hivi!"

"Susu, usiishike!" nikasema.

Susu ni jina la utotoni, tulilokuwa tukimwita kule mtaani kwetu tu. Akageuka kunitazama, macho yake yakaniingia ndani ya ninja, akanijua. Simu alikuwa ameshaiweka sikioni.

"Naam, Baba," akasema, huku akinitazama mimi.