Mchezaji Mwenye Meno Mawili

Kila Jumatatu asubuhi, ofisi ya utabiri wa tenisi ikishapanga upya alama za wachezaji, alama za Shoto zilidondoka sebuleni. Zilimtoka mabegani, ndogo kama punje za mtama, zikigonga sakafu tik, tik, tik. Mama yake alizifagia.

"Asilimia, mwanangu, hizi takataka za ofisini kwenu zitaisha lini?"

Asilimia ni mdogo wake Shoto, na kazi yake ndiyo hiyo. Anaingiza matokeo, programu inampa kila mchezaji alama, halafu alama za huyu zinapimwa na za yule kutabiri nani atashinda. Ukishinda unaongezewa. Usipocheza unakatwa. Shoto alikuwa hajacheza kwa sababu kajifungua.

Asilimia akamfuata bosi. "Bosi, dada hajashuka kiwango. Alikuwa leba."

"Aliyevunjika mguu tunamkata. Aliyefungwa jela tunamkata. Kukaa ni kukaa, kijana."

Basi akarudi kwenye kiti chake, akamkata dada yake kwa kidole chake mwenyewe.

Mtoto alipoanza kutambaa, zile punje zikamnogea. Bibi yake akichelewa tu na ufagio, keshazibwia. Hazikumdhuru. Alicheua kidogo, akalala. Jumatatu iliyofuata jina lake likatokea kwenye kompyuta za ofisi, likiwa na alama zote alizopoteza mama yake. Bosi alilitazama huku anakunywa chai.

"Huyu mpya anapanda vizuri."

"Ana meno mawili, bosi."

"Kwani programu imeuliza meno?"

Mashindano makubwa yalikuwa yamebakiza nafasi moja, na waandaaji waliigawa kwa kufuata alama. Shoto aliitaka nafasi ile kuliko usingizi. Alikuwa anapiga mipira ukutani kila siku, maziwa yanamlowesha fulana. Nafasi ikaenda kwa mtoto. Programu ikasema atashinda, asilimia sitini na nane.

"Jamani, hata kutembea hajui," Shoto akawaambia waandaaji.

"Kanuni haikatazi kubebwa," wakamjibu, wakamwandikisha yeye kama mbebaji.

Akamfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko, akaingia uwanjani. Mpinzani akamshika mtoto mkono, akamtakia mechi njema. Shoto alikimbilia kila mpira, akapiga kwa ule mkono wake wa kushoto mpaka pumzi ikamkata. Mtoto alilala seti nzima ya kwanza. Katikati ya seti ya pili, wakati wa mapumziko, alinyonya. Mpira wa mwisho ulidunda juu ya mstari, chokaa ikaruka, na mwamuzi akatangaza mshindi: mtoto. Watu wakasimama kumpigia makofi. Mtangazaji akamsogezea kinasa sauti. Akacheua.

"Huyu bingwa hana maneno mengi," mtangazaji akasema.

Ofisini bosi alikuwa anacheka mpaka jino la mwisho. "Mnaona? Tumepatia!"

Shoto alikuwa amesimama mlangoni, bado na viatu vya uwanjani. "Na mimi, bosi? Alama zangu?"

Bosi akamgeukia Asilimia. Asilimia akalifungua jina la dada yake, akateremka mpaka chini, akapanda tena mpaka juu. Hakutaka kuinua macho.

"Dada," akasema, "hapa inaonyesha bado hujacheza."

Shoto akakaza mbeleko. Mechi ya pili ya mtoto ilikuwa jioni ile ile, na yeye mbebaji alikuwa hajapasha misuli.