Mapaa Yasiyong'aa

Kigingi kilikuwa kimepigiliwa hatua nne kutoka mlango wa jikoni, na Mama Mdogo alikuwa ameshakipatia kazi: alianika juu yake kitambaa cha kufutia vyombo.

"Waliokuja ni watu wenu," alisema, akimimina chai kwenye vikombe viwili. "Watu wa adabu. Nikawauliza, mnamjua binti yangu? Yuko hukohuko kwenye umeme. Wakasema huko ni kukubwa, mama, hatujuani wote. Nikawapa maji ya kunywa."

Binti aliinua kile kitambaa. Ubavuni pa kigingi palikuwa na rangi nyekundu, na namba iliyoandikwa kwa haraka: 87.

Ofisini walimwita Kimya, na jina hilo hakulikataa, maana hata kulikataa kungehitaji maneno. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa na miaka minne. Tangu siku hiyo mama yake ni huyu, na kwao ni hapa, chini ya paa lililoanza kuliwa na kutu yeye akiwa darasa la tano. Kila msimu wa mvua alijua beseni likae wapi na sufuria ikae wapi. Kila mwaka aliomba wabadilishe bati, na kila mwaka alijibiwa vilevile: "Maliza kusoma kwanza. Paa halikimbii." Akamaliza shule, akaingia chuo, akasomea umeme mpaka akahitimu. Paa likangoja.

"Mbona hunywi chai?" aliuliza Mama Mdogo. "Kuna neno?"

"Hakuna, mama. Nitauliza ofisini."

"Uliza kweli. Mficha uchi hazai. Nakujua wewe, unaweza kukanyagwa mguu ukaomba radhi."

Lakini neno lilikuwapo, na binti alilijua kabla chai haijapoa. Themanini na saba ni namba ya mnara wa umeme uliokuwa bado kwenye ramani tu; wapimaji hupigilia vigingi kwenye kila njia inayofikiriwa. Mnara huo alikuwa ameupitia mwenyewe, mezani kwake, wiki iliyotangulia.

Mkoa mzima ulikuwa unategemea laini moja iliyozeeka. Jioni watu wakirudi makwao na kuwasha kila kitu, nyaya zilipata joto zikalegea, na miji ya kaskazini ikazimiwa kwa zamu. Kitengo cha mipango kiliambiwa kilinganishe njia tatu za kuponya ugonjwa huo. Ya kwanza ilikuwa kuacha minara ilipo na kubadilisha nyaya tu, kuweka zinazobeba mzigo mara mbili. Ubaya wake, laini ingebidi izimwe kipande kwa kipande kwa miezi tisa. Ya pili ilikuwa kujenga laini mpya kupitia bondeni, iliyonyooka kama rula. Hiyo isingemzimia mtu taa hata dakika moja, ila chochote kilichosimama katika ukanda wa mita arobaini chini yake kingeondoka. Ya tatu ilikuwa kujenga kituo cha umeme wa jua hukohuko kaskazini. Hiyo kila mtu aliisifia, ndiyo sababu hakuna aliyeifikiria.

Kazi ya Kimya ilikuwa kujaza jedwali la alama: nguvu, muda, matengenezo, na watu watakaohamishwa. Watu walihesabiwa kwa mapaa kwenye picha zilizopigwa kutoka angani. Kitengo kilikuwa na mbinu yake, ambayo mkongwe humrithisha mgeni siku ya kwanza. Yeye alirithishwa na mchoraji wa ramani, mtu wa mizaha waliyemwita Penseli kwa wembamba wake.

"Tafuta kinachong'aa," Penseli alimwambia. "Bati kwenye picha linaonekana kama punje ya chumvi. Kinachong'aa ni nyumba, kisichong'aa ni udongo. Miaka kumi na minane nahesabu hivyo, na macho yangu bado yanamwona mwenye kuniomba lifti akiwa mbali."

Akahesabu hivyo. Picha mia tatu kwa siku mbili.

Jumatatu alifika ofisini kabla ya mfagiaji. Alifungua picha ya kati ya mnara wa 86 na wa 87. Chini, kwenye kisanduku, palikuwa pameandikwa *Hakuna makazi*, na pembeni herufi mbili za jina lake. Alisogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. Ilimchukua muda. Kisha akaona kivuli chembamba, na nyuma ya kivuli mraba wa rangi ya udongo juu ya udongo, na doa jeusi ambalo lingeweza kuwa pipa la maji. Nyumba ambayo angeweza kuizunguka amefumba macho, hakuwahi kuiona kutoka juu.

Akaanza upya. Safari hii hakutafuta mng'aro, alitafuta vivuli, kwa kuwa nyumba hata ikiwa na kutu haiachi kutupa kivuli. Siku mbili hakwenda kula mchana. Nyumba kumi na nne za bondeni zikawa arobaini na moja. Alipoziingiza kwenye jedwali, njia ya pili, iliyokuwa ikiongoza kwa alama sita, ikashuka nyuma ya ile ya kwanza kwa alama mbili.

Mkuu wa mipango, ambaye vijana walimwita Mzee Volti akiwa hayupo, alivua miwani akaisoma karatasi kwa mbali, kisha akaivaa akaisoma kwa karibu.

"Arobaini na moja."

"Ndiyo, mzee."

"Wiki iliyopita zilikuwa kumi na nne."

"Nilikosea, mzee."

"Hukukosea. Ulihesabu tunavyohesabu." Aliiweka karatasi chini taratibu. "Na hapo ndipo penye kazi, mwanangu. Nikiipeleka hii, mkurugenzi ataniuliza swali moja tu: laini ya mashariki mlihesabuje? Ya ziwani je? Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Unataka nikafukue makaburi yote hayo?"

Kimya alitazama viatu vyake. Sauti ilipotoka, ilitoka kama ya mtu mwingine. "Pale themanini na saba anakaa mama yangu."

Mzee Volti alivua miwani tena. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliokuwa mgumu kuupinga.

"Pole," alisema. "Pole sana. Basi ndiyo kabisa usiseme. Watasema binti amepika namba kuokoa nyumba ya mamake, na hizo arobaini nyingine hakuna atakayeziamini. Wakati wa kuhamisha watu, watahesabiwa tena uso kwa uso. Hakuna atakayesahauliwa." Akamrudishia karatasi. "Hata hivyo, kikao ni Alhamisi. Mkurugenzi huuliza kama kuna mwenye neno. Ukiwa na moyo wa kusema, sitakuzuia."

Usiku wa kuamkia Alhamisi alikariri sentensi moja: *Mheshimiwa, idadi ya nyumba kwenye njia ya pili si sahihi.* Aliisema akipiga mswaki, akaisema akifunga mlango, akaisema ngazini. Ilikuwa sentensi fupi, hata mtoto angeiweza.

Chumba cha mikutano kilikuwa cha moto, na feni ilikuwa imekufa tangu mwezi uliopita, aibu ambayo watu wa umeme waliizoea. Penseli alionyesha ramani ukutani. Mzee Volti alisoma alama, na aliposoma "kumi na nne" hakuinua macho. Mkurugenzi alisikiliza akijipepea kwa faili.

"Kaskazini wamechoka na giza," alisema mwishowe. "Hospitali yao inalala na jenereta. Hao ndio tukawaambie tunawazimia miezi tisa tukibadilisha nyaya? Mimi siwezi. Naona ya pili. Kuna mwenye neno?"

Kimya aliikumbuka sentensi yake. Mkono wake ukapanda. Ulifika usawa wa sikio, ukasimama hapo.

Mkurugenzi akamwona, akatabasamu kibaba. "Joto, ee? Fungua tu dirisha, mwanangu. Utatusaidia wote."

Watu walicheka kidogo, bila ubaya. Na yeye, Mungu amsamehe, alisimama akaenda kufungua dirisha. Komeo lilikuwa limegoma. Alilisukuma, akalivuta, akaligonga kwa kiganja, mpaka likaachia. Alipogeuka, kofia ya kalamu ya mkurugenzi ilikuwa mezani na kalamu ilikuwa inatembea kwenye karatasi.

"Samahani," alisema Kimya.

Hakuna aliyesikia ila Penseli, aliyekuwa karibu na dirisha. Penseli alianza kukunja ramani.

"Asante, binti," alisema mkurugenzi. "Hewa imeingia."

Mvua ziliisha, na mwisho wa mvua wakaja wa kuhesabu uso kwa uso. Kimya aliomba ruhusa akaenda nyumbani. Mkaguzi wa fidia alikuwa kijana nadhifu mwenye orodha kwenye ubao wa kuandikia. Alipitisha kidole juu mpaka chini mara mbili.

"Nyumba hii haimo, mama. Kwenye picha hapa hakuna makazi. Maana yake imejengwa baada ya picha."

"Baada ya picha?" Mama Mdogo alimtazama, kisha akalitazama paa lake, akacheka. "Baba, tazama kutu hiyo. Hiyo kutu nimeinunua jana dukani?"

"Mimi nafuata kilichoandikwa. Watu wengi wanakimbilia kujenga wakisikia laini inapita. Ninyi mtaingia kwenye waliovamia ukanda, na hao hawalipwi. Mnaweza kukata rufaa."

"Nimeivamia nyumba yangu," alisema Mama Mdogo polepole, kama anayejaribu nguo isiyo yake. Kicheko kilikuwa kimekauka. "Na aliyeandika hakuna makazi ni nani? Alifika hapa? Maana mimi siku zote nipo."

Mkaguzi alinyanyua mabega. Alikwenda kwa jirani.

Kimya alikuwa amesimama kando ya kigingi. Hapakuwa na kikao wala dirisha la kufungua.

"Ni mimi, mama," alisema. "Mimi ndiye niliyehesabu."

Mama Mdogo hakugeuka mara moja. Alichukua kile kitambaa cha vyombo juu ya kigingi, akakikunja mara mbili, akakikunja tena mpaka kikawa hakikunjiki.

"Uliiona nyumba yetu?"

"Niliiona. Sikuijua. Tulikuwa tunahesabu yanayong'aa."

Kuku walipita katikati yao, wakaenda zao. Kwa jirani mkaguzi alisikika akiuliza jina, mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi, maana jirani alikuwa kiziwi kidogo.

"Ungeniambia," alisema Mama Mdogo. Hakufoka. Afadhali angefoka. "Ungeniambia tu kwamba ni kung'aa. Ningepanda mwenyewe nikalipaka chokaa."

Akaingia jikoni kuanza kushusha vyombo na kuvifunga.