Kiraka cha Faris

Mimi ni fundi cherehani, na kwa fundi cherehani kiraka ni kitu cha nguo kuukuu. Ndiyo maana nilikasirika siku niliyomkuta wifi yangu Shifaa amefungua kompyuta ya marehemu kaka yangu, nikamuuliza anafanya nini, akanijibu kwamba anamalizia kiraka cha Faris.

"Kiraka?" nilimwambia. "Mtu kahangaika na hiyo kazi hadi macho yakamuuma, kafa, leo unamwita mshona viraka?"

Alinieleza kwamba ndivyo wenyewe wanavyoita, sehemu ndogo ya kurekebisha programu kubwa. Akacheka kidogo, kicheko chake cha kwanza tangu msiba, kisha kikageuka kilio. Nami nikakaa chini nikalia naye.

Faris alifia barabarani, karibu na Puge, akirudi kutoka Nzega alikokwenda kufunga mtandao kwenye duka la mfanyabiashara wa pamba. Aligonga lori lililoharibika njiani likaachwa bila alama. Tulimzika jioni ile ile, na Shifaa akaanza kukaa eda katika nyumba yetu ya Gongoni, hapa Tabora: nguo nyeupe, hakuna manukato, hakuna kutoka bila dharura. Mimi, Tufaha, dada mtu, nikahamia na cherehani yangu ili asibaki peke yake.

Kile kiraka alinieleza mara nyingi, maana mimi si mwepesi wa kuelewa nisichokipenda. Ndani ya kompyuta kuna programu kuu inayoendesha nyingine zote, nao huiita kiini. Kiini huongezewa vipande viitwavyo moduli, hiki cha printa, kile cha mtandao, na kila kimoja hupewa eneo lake kwenye kumbukumbu ya mashine. Jambo likiharibika, kiini kinakuwa na namba tu mkononi, yaani anwani, na lazima kijue ni ya moduli ipi. Zamani kilikuwa kinaziuliza moja baada ya nyingine mpaka kiipate.

"Kama mgeni anayetafuta nyumba mtaa wa Ng'ambo," nilisema, "anapiga hodi kila mlango."

"Ndivyo hasa. Faris kazipanga kwa anwani. Unaanza na ya katikati, unaiuliza ninayemtaka yuko mbele yako au nyuma yako. Ikisema mbele, wa nyuma wote umeshaachana nao."

Watu wanaokitunza kiini hicho wametapakaa duniani, nao hukaguliana kazi kwa barua pepe. Faris alikuwa amewatumia kiraka chake siku chache kabla ya ajali, na jibu likaja tumeshazika. Mkaguzi, Mjerumani mmoja, aliandika kwamba wazo ni zuri, ila Faris ajibu maswali yake mapema, kwa sababu kuna mtu mwingine anatengeneza kitu hicho hicho. Shifaa naye alisomea kompyuta, walikutana na Faris huko huko chuoni, na hakuna aliyeijua kazi ya Faris kuliko yeye. Alitaka jambo moja tu: kiraka kiingie kwenye kiini kikiwa na jina la mumewe.

"Mwanamke wa eda unaandikiana na wanaume?" nilimwambia. "Tena usiowajua?" Nina mdomo, najijua.

Aliivuta kompyuta karibu. "Basi siandiki mimi, wifi. Ataandika Faris."

Akajibu maswali yote kwa jina la Faris, kutoka anwani ya barua pepe ya Faris. Mjerumani akamshukuru Faris. Akamuuliza Faris anaonaje jambo fulani. Safari moja akakiri kwamba Faris alikuwa sahihi na yeye ndiye aliyekosea, na safari nyingine akamwambia Faris asijichoshe, apumzike Jumapili. Hapa Tabora kaka yangu alikuwa marehemu, Mungu amrehemu, basi. Kule alikuwa bado anaulizwa maoni yake. Mimi niliyekemea nikawa wa kwanza kumsumbua Shifaa kila kukicha, Faris kaandikiwa nini, na nikisomewa nilikuwa nasimamisha cherehani ili nisikie vizuri.

Halafu Mjerumani akaleta habari mbaya. Walikijaribu kiraka, na mashine ikazima. Shifaa alishinda nacho mchana kutwa, hata chakula akakiacha kikapoa. Tulipomaliza kusali magharibi akaniambia ameliona kosa.

"Faris alikuwa na haraka," alisema. "Moduli ikiondoka, kwanza unaitoa kwenye mpangilio, ili mtafutaji asiyefika bado asiikute. Lakini waliokwisha kuingia bado wamo, wanatazama. Unawasubiri mpaka wa mwisho atoke. Ndipo eneo lake unampa mwingine. Yeye aliligawa papo hapo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo naweka kusubiri. Kutafuta kutabaki kwa haraka vile vile, kuondoka tu ndiko kutachelewa." Akajitazama nguo yake nyeupe. "Moduli nayo inakaliwa eda, wifi."

Nilitaka kumwambia asifanye mzaha na mambo ya dini, lakini hakuwa anafanya mzaha. Nilimwona amechoka na amekonda, nikaenda kumpashia chakula.

Alikirekebisha, wakakijaribu tena huko kwao, mashine haikuzima. Mjerumani akaandika: "Kazi nzuri, Faris. Tia sahihi upya, nikipokee." Sahihi yenyewe ni mstari mmoja chini ya kiraka, jina lako na anwani yako, nawe hapo unashuhudia kwamba kazi ni yako au unajua ilikotoka.

"Mtilie," nilisema. "Ile ya kwanza si alitia mwenyewe?"

"Ya kwanza alitia akiwa hai. Hii ya kusubiri hakuiandika, hakuiona. Nimtilie maiti sahihi?"

"Nani atajua? Wako Ulaya."

"Nitajua mimi. Nataka jina lake liwe juu ya kitu cha kweli."

"Ukiwaambia kafa hawatamwandikia tena!" Lilinitoka kwa sauti, nikaona aibu.

"Najua," alisema Shifaa. "Unadhani kwa nini sijawaambia mpaka leo?"

Akakaa kuandika barua, alipoimaliza akanisomea. Aliandika kwamba Faris alifariki kabla ya swali la kwanza kufika, na kwamba yeye ni Shifaa, mkewe, na majibu yote yalikuwa yake. Wazo na mpangilio ni vya Faris, na sahihi ya mwanzo ni ya mkono wake. Sehemu ya kusubiri ameiandika yeye. Akaomba radhi.

Jibu lilichelewa, na tulikuwa na hofu kwamba watakikataa chote kwa ajili ya ule uongo. Lilipokuja lilianza kwa pole, na sikulipenda, kwa sababu lilikuwa limeandikwa kwa Shifaa. Kiraka kimepokelewa, alisema Mjerumani. Mwandishi atakuwa Faris, na sahihi ya Shifaa itafuata chini yake. Amebakiwa na swali moja. Mbele ya jina la mwandishi huwa pana anwani, ili mtu akiona tatizo miaka ijayo ajue pa kuandika. Aiache ya Faris, au Shifaa aweke nyingine?

"Iache," nilisema haraka. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Niliwaza watu wa Brazili na wa China wakimwandikia kaka yangu.

"Na nani atawajibu, wifi? Mimi tena, kwa jina lake? Au mtu akae anangoja jibu la aliyekufa?"

Alifungua kiraka, jina la Faris likiwa pale juu, zima, na anwani mbele yake. Akaanza kuifuta kutoka mwisho, herufi moja moja, mpaka zikabaki tano za mwanzo, faris. Kidole chake kikasimama hewani.

"Siwezi," alisema.

Nikaivuta kibodi upande wangu. Shifaa akanionyesha kitufe, nikazifuta zote tano, kisha nikamrudishia aandike anwani yake.