Vidole Vitatu Kutoka Kwenye Kiganja

Nilifundisha fizikia mjini Luoyang miaka thelathini na moja, na kitu nisichoweza kukipima sikukiamini. Kwa hiyo muuguzi Xiang aliponiambia kwamba kichefuchefu cha mke wangu huenda kikatulizwa kwa kumbonyeza mkono, niliguna tu.

Peizhen alikuwa kwenye mzunguko wa tatu wa dawa za saratani. Vidonge vya kuzuia kutapika alipewa, vikamsaidia kidogo, lakini harufu tu ya chakula cha kitanda jirani ilimfanya arukie beseni. Siku mbili hakuwa ametia kitu tumboni zaidi ya maji ya vuguvugu.

"Mwalimu Kang, vidonge haviachwi," muuguzi alisema. "Hii ni ya kuongezea, na daktari ameruhusu. Haya, lete mkono."

"Wangu?"

"Wa Shangazi Peizhen! Wewe huumwi, una ubishi tu."

Peizhen akacheka, kisha akaziba mdomo haraka.

Muuguzi akamgeuza kiganja juu, akapima upana wa vidole vitatu vya Peizhen mwenyewe kuanzia kwenye mkunjo kiganja kinapoungana na mkono, kuelekea kiwiko. Vilipoishia, katikati ya kano mbili, akakiweka kidole gumba changu. "Hapo. Kaza, lakini usimuumize."

Nikabonyeza. Kano zilicheza chini ya gumba langu kama nyuzi, na ngozi yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyowahi kuiona. Tangu tuoane sikuwahi kumshika mkono mbele za watu. Masikio yaliniwaka moto.

"Baba Ruo," akasema Peizhen, "hiyo si kengele ya mlango. Taratibu."

Nikapunguza. Dakika ya kwanza, hakuna badiliko. Ya pili, akameza mate, nami nikavuta beseni karibu. Hakutapika. Ya tatu, paji la uso lililokuwa limekunjamana tangu juzi likalegea, akashusha pumzi ndefu.

"Kimeshuka," akanong'ona. "Bado kipo, ila kimeshuka."

Nilimtazama, nikautazama mkono. Kutoka pale hadi tumboni kuna umbali gani? Kitu gani kilikuwa kimesafiri, na kwa njia ipi? Nywele zilinisimama. Nilikuwa mtu mzima, babu wa watoto wawili, nimeduwaa mbele ya mkono niliouona kila siku ukimenya vitunguu.

"Uji wa mtama upo?" akauliza.

Alikunywa vijiko sita.

Haikuwa hivyo kila siku. Kuna siku nilibonyeza mpaka gumba likafa ganzi naye akatapika vilevile. Daktari nilipomuuliza, alisema wengine huwasaidia, wengine hapana, na sababu yenyewe bado inatafutwa. Nilishangaa jinsi jibu hilo lilivyonitosha.

Kufikia mzunguko wa tano, mume wa kitanda jirani aliniomba nimwonyeshe. Kisha wa dirishani, kisha wa kitanda cha pembeni. Asubuhi moja muuguzi Xiang aliingia akasimama mlangoni na sinia yake ya dawa, akitutazama: wazee wanne, kila mmoja kainama juu ya mkono wa mkewe, wodi nzima imetulia.