Kurasa za Kwanza

Tik. Gizani, kitufe cha sufuria ya umeme kiliruka, na wali ulioiva ukaanza kunong'ona chini ya mfuniko. Chumba chetu kilikuwa nusu ndani ya ardhi, dirisha likiwa usawa wa viatu vya wapita njia, na mwezi wa kumi na moja asubuhi huchukua muda kushuka hadi huko. Nilikuwa nimeketi kwenye godoro nikishona upindo wa koti la mwanangu Bo-ri kwa kupapasa, maana sikutaka kuwasha taa nikamwamsha. Alikuwa na miaka minne. Nilikata uzi kwa meno, nikatundika koti kwenye msumari, kisha nikamvutia blanketi hadi kidevuni. Nilidhani amelala.

Siku hiyo, saa kumi alasiri, wanawake wa mtaa walikuwa wanakuja kumfukuza mchawi.

Nasema mchawi kwa kuwa ndivyo walivyomwita wao, wateja wake. Jina lake lilikuwa Bi Mal-sun, na alikuwa na duka la vitabu vilivyotumika katikati ya zile ngazi zetu za Busan zinazopanda kutoka sokoni. Mbele kulikuwa na vitabu. Nyuma, ukipita pazia la shanga, kulikuwa na madhabahu yenye mishumaa, sahani ya peremende, na kengele ya shaba yenye vichwa saba aliyoitumia kuita pepo wake. Pepo walikuwa wawili: kizee kimoja kikali cha milimani, na mtoto mdogo aliyependa vitu vitamu. Nywele zake Bi Mal-sun alizipaka rangi ya bilinganya. Kahawa alikunywa ile ya paketi, akiikoroga kwa paketi yenyewe.

Mimi pia nilimdharau, mwezi mzima wa kwanza. Niliona ni mama mmoja mzima anayefanya maigizo na wafu. Lakini mtu aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na saba kwa sababu ya mimba hana nafasi ya kuchagua anayemwajiri. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na mara nne kwa wiki nilikwenda darasa la jioni, ambako walimu wastaafu walitufundisha aljebra mimi na bibi kumi na wawili waliokuja na miwani miwili miwili. Nilihitaji meza. Duka la Bi Mal-sun lilikuwa na meza, na taa nzuri, na vitabu vyote vya mtihani ambavyo nisingeweza kuvinunua. Wateja wakikosekana nilisoma. Bo-ri alicheza chini ya ile meza, akila peremende za madhabahuni. Nilipomkataza, Bi Mal-sun alisema yule mtoto wa pepo hana neno, ila tu za njano ni zake, asiziguse.

Kwa hiyo duka lile likifungwa, mimi ningekuwa nimekwisha. Mtihani wangu, ule wa cheti cha sekondari, ulikuwa mwezi wa nne. Chumbani kwetu hata mende walisoma kwa kubahatisha.

Sasa niwaeleze hao wanawake. Nitajitahidi kuwa mwema, ingawa sioni faida yake.

Kiongozi wao alikuwa Mama Tae-gyeong, mwenyekiti wa chama cha wanawake wa mtaa, mwenye nywele zilizokunjwa kwa dawa hadi zikafanana na kofia ya chuma. Mwanawe alikuwa anafanya mtihani wa kuingia chuo kikuu wiki iliyofuata, na kwa ajili hiyo nyumba yake haikuwa imepika supu ya mwani tangu mwezi wa tisa, kwa sababu mwani huteleza na mtoto asije akateleza nao. Hata mumewe, siku yake ya kuzaliwa, ambayo kwetu haipiti bila supu ya mwani, alipewa supu ya maharage. Huyu ndiye aliyesimama vikaoni akisema uchawi ni aibu kwa mtaa uliostaarabika. Mimi aliniita "kijakazi cha mchawi", na si kwa kunong'ona.

Na huyu huyu aliingia kwa mlango wa nyuma kila Jumanne, amevaa barakoa, miwani ya jua na kofia ya mumewe, kama anayekwenda kuvunja benki. Alikuja kuchukua hirizi. Nilimjua kwa kandambili zake za zambarau. Nyuma yake walikuja wengine, kila mmoja akiamini yuko peke yake duniani. Alasiri moja walijikuta watatu kwa wakati mmoja, kila mmoja nyuma ya rafu yake, wamebana pumzi, wanajifanya vitabu. Niliwaacha dakika ishirini. Nilikuwa nasoma.

Vitabu vilianza kuharibika mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Nilivikuta asubuhi vimeachwa wazi kwenye ujia wa nyuma, vyote vitabu vya mazoezi ya mtihani, vyote vimechanwa ukurasa mmoja tu, wa kwanza. Na tangu hapo ile kengele ya shaba ikaanza kulia yenyewe. Haikuwa kelele. Ililia kidogo tu, kama kijiko kwenye bilauri. Mimi nilisema ni mabasi ya barabara ya chini yanayotikisa ukuta. Bi Mal-sun alisema la, kile kizee cha milimani hakipendi vitu vyake kuguswa.

Mtaani habari zilikuwa zimeshaiva. Walisema ni mzimu wa mwanafunzi aliyekufa akisoma, kwamba mchawi amemfungia dukani, na kwamba alama za watoto wetu zinashuka kwa sababu yake. Nani aliyewaambia kuhusu kurasa, wakati mimi na Bi Mal-sun hatukumwambia mtu? Swali hilo halikumsumbua yeyote kati yao. Mama Tae-gyeong aliandika waraka wa kumtaka mwenye nyumba amtoe, na akaupitisha upigwe mihuri.

Walikuja sita. Walivua viatu mlangoni, maana hata wanaokuja kukufukuza hawakanyagi kwako na viatu, wakakaa kwenye sakafu yenye joto wakiwa wamebana makoti yao. Bo-ri alikuwa chini ya meza, amevaa koti lake, kwa kuwa mlango ulikuwa unaachwa wazi. Bi Mal-sun aliwapa kahawa. Wote wakaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu tele, kisha Mama Tae-gyeong akasoma waraka. Mzimu, kelele, hatari kwa vijana, sifa ya mtaa. Wiki moja awe ametoka.

Bi Mal-sun aliusikiliza wote. Kisha akaniambia nilete vile vitabu vilivyochanwa, nikavipanga mezani. Vilikuwa saba. Aliuliza kwa upole ni pepo gani huyo asiyejali hesabu wala Kiingereza, anayetaka jina la mtu tu. Pepo wake yeye, alisema, mmoja ni mzee na hajui kusoma, na mwingine ana miaka sita.

Hapa lazima nieleze ukurasa wa kwanza una nini. Kijana wa kwetu akinunua kitabu cha mazoezi ya mtihani, kabla ya kukifungua huandika jina lake hapo mwanzo, na chini yake anaandika chuo anachokitaka, na kitivo, na mwaka wa kuingia, kana kwamba ameshafika. Fulani, Udaktari, mwaka fulani. Ni kujitia moyo. Kila nyumba yenye mtoto inajua. Watoto wa hawa hawa wanawake walikuwa na vitabu kama hivyo mezani kwao usiku huo, vimeandikwa hivyo hivyo, wangali hawajafika popote. Lakini mama mwenye hofu akiona jina la mgeni lenye Udaktari chini yake, akili yote humtoka. Huona mtu aliyefaulu. Huona bahati, imekaa tu kwenye rafu, haina mwenyewe.

Kengele ililia nyuma ya pazia. Mama Jun-pyo, mkaanga kuku, akashika kifua.

"Mama Tae-gyeong," Bi Mal-sun alisema, akikoroga kahawa yake. "Mtoto wako akifaulu, vitabu vyake utaviuza?"

"Niuze? Vitabu vya bahati vile? Nitaviweka sebuleni, kila mgeni avione."

"Ee. Na kila mama hufanya hivyo. Waliofaulu, vitabu vyao sijawahi kuviona mimi. Vinavyoletwa kwangu vimefungwa kamba ni vya waliofeli."

Bi Mal-sun akaanza kuvigusa kimoja kimoja kwa kidole, kwa kuwa alikumbuka kila kitabu kilichopita mikononi mwake. Huyu wa Udaktari, kwa wino mwekundu, alijaribu mara nne. Sasa anauza keki za samaki pale stesheni, na ni nzuri, mkapite. Huyu wa Uhandisi alilala katikati ya karatasi ya pili. Huyu aliyetaka ualimu alitapika mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Nimeona mambo mengi ya kuchekesha maishani, lakini sijaona tena wanawake sita wenye heshima zao wakichimbua nguo zao kwa pamoja. Mama Jun-pyo alitoa ukurasa kwenye sidiria. Mke wa mfamasia aling'oa mshono wa kola. Mwingine alilia kwamba wa kwake ameuficha ndani ya mto wa kukalia wa binti yake, naye yupo darasani ameukalia sasa hivi, akakimbia ngazi zote bila viatu na kurudi nao. Mama Tae-gyeong alikuwa wa mwisho. Alifungua pochi nyekundu ya hariri iliyokuwa shingoni mwake, akatoa Udaktari wa wino mwekundu uliokunjwa mara nane, akauweka mezani kama mtu anayerudisha jino la mwenzake.

Kila ukurasa ulipotua, kengele ilipungua sauti. Sitabisha tena habari za mabasi. Nilihesabu, na jioni ile hakuna basi lililopita.

Hapo ndipo ninapoishia kila ninaposimulia. Nimeisimulia kwenye mahafali ya darasa la jioni, bibi wote kumi na wawili wakafuta miwani. Nimeisimulia maktabani ninakofanya kazi siku hizi, wakati wa chakula cha mchana. Huongeza kwamba Mama Tae-gyeong aliuchana waraka kwa mikono yake, akanunua kitabu cha mapishi, akatoka kwa mlango wa mbele kwa mara ya kwanza. Huongeza kwamba Tae-gyeong alipata chuo cha wastani, mama yake akasema ni maombi. Mimi nilifaulu mara ya pili, mwezi wa nane. Bi Mal-sun aliendelea na duka hadi magoti yake yalipokataa ngazi, na siku aliyofunga aliniachia ile meza. Miaka tisa nimewacheka wale wanawake, kwa moyo wote, na kicheko hakijachakaa.

Lakini kengele ilikuwa haijanyamaza.

Kurasa sita zilikuwa mezani, pembeni ya vitabu saba. Nyuma ya pazia ilikuwa inaendelea, ndogo, yenye subira. Kitabu cha saba kilikuwa cha msichana aliyeandika Sheria kwa wino wa kijani, mwandiko mzuri, kila herufi imenyooka kama amekaa mbele ya mwalimu. Bi Mal-sun hakukigusa. Aliweka kikombe chini.

"Bado mmoja," alisema. Alikuwa anatazama dari.

Wanawake wakatazamana. Nikaona rangi inarudi usoni mwa Mama Tae-gyeong, maana kama bado mmoja, basi yuko mwingine, na huyo mwingine huenda ni mbaya kuliko yeye. Macho yake yakapita kwa wenzake mmoja mmoja, yakafika kwangu. Niliinua kidevu. Nilimtazama kama unavyotazama kitu kilichoganda kwenye kiatu. Nakumbuka vizuri sana jinsi nilivyomtazama, jinsi nilivyojisikia msafi, mimi ninayesoma, mimi nisiyeingia kwa mlango wa nyuma.

Bo-ri akatambaa kutoka chini ya meza, midomo yake njano tupu. Alisimama katikati ya watu wazima wote wale, akashika upindo wa koti lake kwa mikono miwili, kama nilivyomfundisha kumpa mkubwa kitu, akamnyooshea Bi Mal-sun.

"Mwingine umo ndani ya koti langu," alisema.