Taa ya Kibuyu

Dukani kwa fundi Hiza, Korogwe, mikanda ya taa za LED ilining'inia ukutani ikiwaka mchana kweupe: nyekundu, kijani, nyeupe, buluu. Resian alikuwa akisubiri basi la kumpeleka likizo nyumbani Misima, lakini mbele ya ile ya buluu miguu yake iligoma. Ilikuwa buluu ya mbuga za Handeni dakika ile jua limezama na ng'ombe bado hawajaingia zizini. Mtu angeweza kulala ndani yake.

"Unataka ya kazi gani, dada?" Hiza aliuliza.

"Bibi yangu anatunga shanga. Ndani kwake giza hata mchana, na nje jua linamtoa machozi."

"Basi chukua nyeupe. Buluu ni ya kupambia bajaji."

"Fundi," Resian alisema kwa upole wa askofu, "bibi yangu ana hadhi kuliko bajaji."

Hiza alicheka, akampimia mita moja ya buluu, kisha akamtupia kipande cha nyeupe chenye vitaa sita. "Bure hicho. Kitakufaa siku utakaponikumbuka."

Nyumbani, Resian alitwaa kibuyu cha maziwa kilichopasuka, akakikata kitako, akabandika mkanda ndani ukizunguka kama nyoka aliyeshiba. Waya aliziunganisha na betri ya sola kinyume, taa ikanyamaza. Akaitazama kwa masikitiko ya mwalimu wa zamu, akabadilisha: nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Nyumba ya udongo ikajaa buluu. Moshi ukawa buluu, maziwa yakawa buluu, mikunjo ya uso wa bibi ikawa mito inayotiririka mbali.

"Tumeshakufa?" aliuliza Bibi Koisaba. "Mbona pazuri hivi?"

Chini ya buluu hiyo aliendelea kutunga mkufu mpana wa Beatrisi, dada yake Resian, aliyekuwa anaolewa Jumamosi. Watu walishaanza kunong'ona kwamba macho ya bibi yamekwisha. Mwenyewe alikuwa ameapa: akikosea na huu, sindano anaiweka chini, haishiki tena.

Kile kipande cheupe Resian alikipa kazi ya kitaifa. Alikikata katikati, palipochorwa alama ya mkasi, akapata vitaa vitatu huku na vitatu huku, akavifunga kichakani pamoja na betri ya zamani ya pikipiki. Jioni ile Keriako, kaka yake, morani wa kutajwa, aliona macho ya fisi yakimkodolea. Akarusha rungu. Jicho moja likavunjika, na Keriako akajisifu siku mbili.

Alhamisi asubuhi bibi alitoka na mkufu juani. Safu nne nzima, palipotakiwa nyeupe pana buluu, palipotakiwa nyekundu pana nyeusi. Akafunga mkebe wa shanga.

"Mpelekee mama yako amalizie," alimwambia Resian. "Mimi basi."

Resian alikuwa na mzaha wa kila msiba, ila wa huu hakuwa nao. Aliingia ndani na shanga mbili mkononi, nyekundu na nyeusi, akaziweka chini ya kibuyu. Zilikuwa mapacha. Akatoka mbio hadi kichakani, akarudi na jicho la fisi lililobaki, akaliunganisha kwenye betri ya sola. Vitaa vitatu, vyeupe.

"Koko," aliita, kama alivyomwita bibi tangu utotoni, "macho yako mazima. Taa ndiyo kipofu. Fundi alinikataza, mimi nikaona inapendeza."

Keriako alichungulia mlangoni. "Hilo si jicho la fisi wangu?"

"Ndilo. Pole, shujaa."

Bibi aliingia taratibu. Resian alichota shanga moja moja mkebeni.

"Nyekundu," alisema bibi. "Nyeupe. Buluu."

"Na hii?"

"Nyeusi, kama roho yako. Kaa chini. Safu nne utazifumua wewe."

Walikaa vichwa vikigusana chini ya vitaa vitatu, Resian akifumua, bibi akitunga. Ijumaa jioni bibi alikata uzi wa mwisho kwa meno, akaunyoosha mkufu magotini, akaupitia safu kwa safu. Haukuwa na kosa.

"Haya," alisema, akiegemea ukuta. "Sasa niwashie ile ya ahera."