Vibuyu vya Yeyo Resiato

"Kitoke kitupu, Yeyo, nimeshakwambia ki—"

"Hakitoki! Hapa kwangu hakijawahi—"

"—kikavu, kisafi, ndivyo memsabu alivyoagi—"

"—na mama yangu hakuwahi, na bibi yangu naye—"

"Basi niachie!"

"Niachie wewe!"

Kibuyu chenyewe kilikuwa katikati yao, shingo mkononi mwa Sadoki, kitako mkononi mwa Resiato, maziwa yakichezacheza ndani. Ephraimu, mwenye punda wawili wa kubeba mzigo, alikuwa amekaa juu ya jiwe nje ya boma anatafuna muwa, anageuza kichwa huku, anageuza kule, asipitwe na kitu.

Sadoki alikuwa Mmeru wa Nkoaranga, lakini "Yeyo", yaani mama kwa lugha ya Waarusha, alikuwa amejifunza kulitamka vizuri sana, kwa sababu lilikuwa limeshamwokoa kwenye mambo mengi. Siku hiyo halikuokoa kitu.

"Wewe si ulisoma Makerere?" Resiato aliuliza, mkono bado umeng'ang'ania.

"Kidogo."

"Hicho kidogo ndicho kilichokuharibu. Ungesoma yote, au usingesoma kabisa, tungeelewana. Sasa sikiliza. Kibuyu nilichokishona shanga kwa mkono wangu hakitoki kwangu kitupu. Mpaka kifike kwa—"

"Lakini Yeyo, safari ya meli ni—"

"—kwa yule anayeki—"

"—ni wiki tatu! Wiki tatu, maziwa!"

Halafu ghafla Sadoki akaachia. Akatabasamu. "Haya, Yeyo, umeshinda. Vyote ishirini na vinne viende na maziwa yake."

Ephraimu akaacha kutafuna. Alimfahamu Sadoki tangu utoto. Sadoki akikubali upesi namna hiyo, kuna mtu anakwenda kuchezewa.

Kwani hata huko Makerere alifukuzwa kwa nini? Aliwaandikia walimu wanane barua za kuwakaribisha chai, kila mmoja akialikwa nyumbani kwa mwenzake, wote siku moja, wote saa kumi. Saa kumi walimu wote wanane walikuwa wamevaa tai, kila mmoja anagonga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Mkuu wa chuo hakucheka. Sadoki akarudi Nkoaranga na sanduku lake la bati, baba yake Mzee Anaeli akamwonyesha jembe na miche ya kahawa.

Jembe halikumkaa mkononi. Kila akishuka mjini alikuwa anawaona wazungu wa kuwinda wakitoka hotelini na vibuyu vya shanga kwapani, wanavifurahia kama watoto. Na alimjua anayevileta. Alikuwa bwana mmoja mwenye lori, anayepanda vilima vya juu ya Kimandolu na kuwaachia akina mama chumvi na kipande cha kaniki, basi. Kibuyu alichokishona mama mmoja kwa mwezi mzima, kinamlisha bwana yule mwezi mzima. Sadoki akawaza, mbona mimi najua Kiingereza? Akawaendea wale akina mama. Aliyeshona achukue fungu kubwa, alisema, na mimi mbebaji nitachukua kinachobaki. Na bei mtaisikia kwa masikio yenu.

Kumi na wawili wakakubali, Resiato ndiye mkubwa wao, na vibuyu vyote vikakusanywa kwake. Bwana wa lori alipokuja wakamrudishia gunia lake la shanga alizokuwa akiwaletea za kushonea. Akaapa kwamba hata wamfuate kwa magoti, hatanunua kwao tena.

Basi hapo ndipo palipomkaba Sadoki. Utani wake wote wa zamani ulikuwa haumnyimi mtu chakula. Lakini oda hii ya kwanza ikikataliwa, akina mama kumi na wawili watakaa na vibuyu vyao, hawana pa kuvipeleka, kwa ajili ya maneno yake. Na mnunuzi, Memsabu Winifredi wa shamba la kahawa kule Njiro, ambaye dada yake ana duka Ulaya, alikuwa ameandika waziwazi: vikavu, visafi, tone lisiwemo. Rafiki yake aliwahi kusafirisha kibuyu chenye maziwa, na forodhani kule Uingereza wakamwita polisi wakidhani kuna maiti. *Kikinuka kimoja, narudisha vyote.*

Kwa hiyo walipopita kona ya kwanza tu, boma la Resiato halionekani, Sadoki akasimamisha punda.

"Kunywa," akasema.

"Nini?"

"Kunywa, Ephraimu. Tunavikausha."

Kuyamwaga isingewezekana. Upande ule wa mlima ukionekana unamwaga maziwa chini, hata mbwa wa watu hakubwekei tena, anakuona si mtu. Wakanywa, kila mmoja na chake. Cha kwanza kilikuwa kitamu, na harufu yake ya moshi wa mti. Cha pili pia. Kufikia cha nne Ephraimu alikuwa amelegeza mkanda. Cha tano akaketi.

"Bado kumi na vinne," Sadoki alisema kwa sauti ya mtu anayeumwa.

Bahati ikawaletea wafungwa. Walikuwa kumi hivi, wanafyeka nyasi kando ya barabara, askari amesimama kivulini na bunduki yake. Sadoki akajinyoosha, akapandisha soksi.

"Askari! Watu wako wapange mstari. Maziwa, amri ya Bwana Maziwa."

"Bwana nani?"

"Bwana Maziwa. Mpya. Hujapata barua?"

Askari akafikiri. Bwana Shamba yupo, Bwana Afya yupo, Bwana Nyuki naye alikuja mwaka jana. Kwa nini asiwepo Bwana Maziwa? Akapiga saluti, akanywa vibuyu viwili yeye mwenyewe kwanza kuhakikisha hakuna sumu, ndipo akawaita wafungwa. Mmoja alisema tangu afungwe hajawahi kuipenda serikali kama siku ile.

Sadoki akasuuza vibuyu mtoni Themi, akavifuta, akavianika juu ya jiwe la moto mpaka vikalia kama ngoma. Wakafika Njiro saa tisa, anapiga mluzi.

Mluzi ukafia mdomoni. Kwenye ngazi ya baraza ya memsabu, miguu imenyooshwa, shuka limetandazwa vizuri, alikuwa amekaa Resiato.

"Yeyo! Umefikaje?"

"Kwa miguu, njia ya mkato. Nimekuja kumwona anayepokea." Akanyanyuka, akachukua kibuyu cha juu kabisa. Akakipima mkononi. Akachukua cha pili, cha tatu. "Yako wapi?"

"Yeyo, unajua jua la leo—"

"Jua limekunywa?"

Ephraimu akacheua. Ilikuwa ndefu, ya maziwa matupu, ikasikika mpaka jikoni.

Resiato akaanza kupiga kelele. Alipiga kwa Kiarusha, kisha kwa Kiswahili ili na punda wasikie. Memsabu Winifredi akatoka mbio, mrefu, mkavu, kofia ya majani kichwani, mkasi wa maua mkononi.

"What on earth is she saying?"

Sadoki akamweleza kwa Kiingereza chake kizuri cha Makerere kwamba mama huyu ndiye fundi mkuu, amejaa furaha, anaimba wimbo wa shukrani.

"Mwambie mimi sivikabidhi hivi!" Resiato alifoka kwa Kiswahili. "Mwambie navirudisha nyumbani!"

"She says God bless your house," Sadoki alisema, eti mama anaibariki nyumba.

Memsabu akamtazama. Halafu akasema polepole, kwa Kiswahili cha jikoni alichofundishwa na mpishi wake miaka kumi na miwili, "Sadoki. Mimi nasikia. Yeye nasema iko rudisha nyumbani. Wewe iko mwongo sana."

Sadoki akatazama vibuyu juu ya punda. Akaona oda inakwenda, akaona lori la yule bwana linapita bila kusimama, akaona nyuso kumi na mbili. Kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Makerere akasema kweli yote mfululizo, Kiingereza kwa huyu, Kiswahili kwa yule: memsabu hataki tone, Yeyo hataki kitupu, yeye na Ephraimu wameyanywa, na wafungwa wameyanywa, na Bwana Maziwa hayupo.

Resiato akamgeukia, sauti sasa imeshuka.

"Wewe mtoto. Ungenyamaza pale nyumbani ungenisikia. Nilitaka kusema, mpaka kifike kwa anayekipokea. Akishapokea mkononi, ni chake. Ayanywe, ayamwage, ampe paka, akianike mwaka mzima. Mimi kinanihusu nini? Ninachokataa ni mtu kupokea kitupu kutoka kwangu."

"Basi?" Sadoki alisema. "Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Alipomaliza kumtafsiria memsabu, safari hii bila kuongeza chumvi, memsabu aliweka mkasi chini. Kikavu baada ya kupokea ni kikavu tu, alisema, paka wake wako watatu. Lakini maziwa yenyewe yako wapi sasa?

Resiato alikuwa ameshasikia ng'ombe analia nyuma ya nyumba, na ameshaanza kutembea.

Alikuwa ng'ombe wa kizungu, mweupe na mweusi, mkubwa kama kabati. Resiato akamzunguka, akamshika nyonga, akasema atamkamua mwenyewe, ila ndama lazima asimame mbele, mama amwone.

"Ndama ya nini?" mpishi, aliyekuwa amewafuata, alinong'ona. "Huyu hukamuliwa bila—"

"Wewe shika mkia," Resiato akamwambia Sadoki. "Wewe," akamwambia Ephraimu, "kaa mbali, umeshiba. Na wewe mama, shika ndama."

Hakuna mtu Njiro nzima aliyewahi kumwambia memsabu ashike kitu. Mpishi akafumba macho. Memsabu akavua kofia, akamkumbatia ndama shingoni. Ndama akaruka. Akamvuta mpaka kwenye matope, akamkanyaga mguu, akamramba uso mzima. Memsabu akauma meno, hakuachia. Kibuyu baada ya kibuyu, matone mawili, matone matatu, Resiato akakamua na kumpa mkononi, naye akapokea kila kimoja kwa mkono wake wa kulia ulio huru, ule wa kushoto bado umembana ndama, mpaka vikatimia ishirini na vinne na gauni limekwisha.

"Nne dazeni," memsabu alisema akihema, nywele zimemwangukia usoni. "Mwezi wa sita. Nataka nne dazeni ingine."

Sadoki aliuachia mkia. Akafungua kinywa amtafsirie Resiato, lakini Resiato alimzuia kwa kiganja. Alikuwa amesikia. Alikuwa anamtazama yule mzungu kuanzia kwenye matope ya viatu mpaka kwenye mkono ambao hata sasa ulikuwa haujamwachia ndama, na alikuwa hana haraka.

"Mama," akasema, kwa Kiswahili, neno moja moja, asihitaji mkalimani. "Nina kijana wangu, Parsimei. Hajaoa, na ng'ombe tunao. Wewe una binti? Nipe."